Mpangilio wa Lugha na Usahihishaji Otomatiki wa Matini za Kiswahili

Mpangilio wa lugha ni alama inayoiarifu programu ya kuandikia kwamba matini fulani imeandikwa kwa lugha gani. Alama hiyo haionekani kwenye karatasi. Hata hivyo, ndiyo inayoamua kamusi gani itafunguliwa kuyapima maneno, orodha gani ya masahihisho itatumika mwandishi anapobonyeza kitufe cha nafasi, alama za kunukuu zitachorwa kwa umbo gani, na neno refu litakatwa wapi linapofika ukingoni mwa mstari.

Waandishi wengi wa Kiswahili hawajawahi kuichagua alama hiyo. Kompyuta hununuliwa ikiwa imepangwa kwa Kiingereza, na katika Kongo na Burundi mara nyingi kwa Kifaransa. Tasnifu, barua, taarifa na miswada ya vitabu huandikwa humo, na kila neno la Kiswahili hupimwa kwa mizani ya lugha nyingine. Makala haya yanaeleza namna mpangilio huo unavyofanya kazi, madhara yanayotokana na kuuacha kama ulivyo, na hatua ambazo mwandishi anaweza kuchukua. Hoja yake kuu ni moja: kuchagua lugha ya ukaguzi ni sehemu ya uhariri, kwa sababu ni kuchagua mamlaka itakayotoa hukumu juu ya tahajia ya matini. Asiyechagua huchaguliwa.

Istilahi

*Ukaguzi wa tahajia* ni kitendo cha programu kulinganisha kila neno na kamusi yake na kulipigia mstari mwekundu wa mawimbi neno isilolitambua. Hakuna kinachobadilika mpaka mwandishi akubali pendekezo.

*Usahihishaji otomatiki* ni kitendo cha programu kubadilisha yenyewe mfuatano wa herufi, bila kuuliza, mara tu mwandishi anapoandika nafasi au alama ya uakifishi baada ya neno.

*Lugha ya ukaguzi* ni lugha ambayo kipande cha matini kimewekewa alama. Kipande hicho chaweza kuwa waraka mzima, aya, au neno moja tu.

Tofauti kati ya istilahi mbili za kwanza ni ya msingi. Ukaguzi ni mshauri. Usahihishaji otomatiki ni mtendaji. Ushauri mbaya huonekana na waweza kupuuzwa, bali utendaji mbaya hupita kimyakimya na kugunduliwa baada ya kitabu kutoka kiwandani, ikiwa utagunduliwa kabisa.

Mipangilio minne isiyopaswa kuchanganywa

Neno "lugha" linapotajwa katika kompyuta laweza kuwa na maana nne tofauti.

Ya kwanza ni *lugha ya kiolesura*, yaani lugha ya menyu na ujumbe wa programu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa istilahi za kompyuta. Lakini menyu ya Kiswahili haimaanishi kwamba matini iliyomo dirishani imewekewa alama ya Kiswahili. Mtu aweza kuwa na menyu za Kiswahili na ukaguzi wa Kiingereza, au kinyume chake.

Ya pili ni *lugha ya kibodi*. Kiswahili hakihitaji herufi yoyote isiyokuwapo kwenye kibodi ya Kiingereza, na kwa sababu hiyo wengi huona hakuna haja ya kuongeza kibodi ya Kiswahili. Haja ipo: katika Microsoft Word, maneno mapya huweza kupewa alama ya lugha kwa kufuata kibodi inayotumika wakati wa kuandika. Vitufe ni vilevile. Alama inayobandikwa ndiyo tofauti.

Ya tatu ni *lugha ya ukaguzi*, ambayo ndiyo kiini cha makala haya.

Ya nne ni *mpangilio wa eneo*, unaosimamia tarehe, sarafu na tarakimu. Katika mpangilio wa Tanzania na Kenya, elfu moja nukta tano huandikwa 1,000.5, katika mpangilio wa Kiswahili cha Kongo, mkato na nukta hubadilishana nafasi, ikawa 1.000,5. Jedwali la bei lililotayarishwa Lubumbashi na kufunguliwa Mwanza laweza kusomwa visivyo hata kama kila neno ndani yake ni sahihi.

Jinsi programu inavyoona kosa

Kisahihishaji cha kawaida hakijui maana. Hukata matini katika vipande kwa kufuata nafasi na uakifishi, kisha hutafuta kila kipande katika kamusi ya lugha iliyotajwa na alama. Kisipopatikana, hutafuta maneno ya karibu. Msingi wa utafutaji huo ulielezwa mwaka 1964 na Fred Damerau, aliyeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa ya tahajia aliyoyachunguza yalikuwa ya aina nne: herufi moja kuongezwa, kuachwa, kubadilishwa, au herufi mbili jirani kupishana. Neno lililo umbali wa hatua moja hupewa nafasi ya kwanza katika mapendekezo.

Kanuni hiyo ni nzuri pale kamusi inapokuwa ya lugha husika. Kamusi ikiwa ya Kiingereza, kila neno la Kiswahili huwa ni neno la Kiingereza lililokosewa. Kutoka *wewe* hadi *were* ni hatua moja. Vivyo hivyo kutoka *mimi* hadi *mini*, *sana* hadi *sane*, *hata* hadi *hate*, *wote* hadi *vote*, *kama* hadi *karma*. Programu iliyoruhusiwa kutumia mapendekezo ya ukaguzi kufanya masahihisho yenyewe, au kibodi ya simu yenye tabia hiyo, inaweza kupiga hatua hizo bila idhini ya mwandishi. Kwa mantiki yake haijakosea: imeambiwa kwamba lugha ni Kiingereza.

Maneno yenye sura mbili

Hatari ya pili ni kinyume cha ya kwanza. Yapo maneno ya Kiswahili ambayo kwa bahati tu yana umbo sawa na neno la Kiingereza: *pole*, *wake*, *wale*, *pale*, *kale*, *mate*, *tone*, *panda*. Sentensi "Mama, panda pale" hupita mbele ya kisahihishaji cha Kiingereza bila mstari hata mmoja, kana kwamba imekaguliwa. Haijakaguliwa.

Madhara hujitokeza pale kosa la Kiswahili linapozaa neno halali la Kiingereza. Mwandishi aliyekusudia *mara* akaandika *mare*, aliyekusudia *hali* akaandika *hail*, au aliyekusudia *pili* akaandika *pill*, hataonywa. Kwa hiyo matini ya Kiswahili chini ya alama ya Kiingereza hupigiwa mistari mahali palipo sahihi na kuachwa bila mstari mahali penye kosa. Baada ya kurasa chache jicho huzoea wekundu na kuacha kuutazama. Na msaada wenyewe, ambao ulikuwa wa manufaa, huwa umepotea.

Lipo pia suala la maneno yanayorudiwa. Visahihishaji vingi huhesabu neno lililoandikwa mara mbili mfululizo kuwa kosa na kupendekeza moja lifutwe. Katika Kiingereza, mara nyingi ni kosa kweli. Katika Kiswahili, uradidi ni sehemu ya sarufi. "Waliingia wawili" ni taarifa ya idadi ya watu; "waliingia wawili wawili" ni taarifa ya namna walivyoingia, na huenda walikuwa mia. Vivyo hivyo "mtu mmoja" na "mtu mmoja mmoja". Anayefuta neno la pili kwa kutii mstari mwekundu hubadilisha maana ya sentensi, wala hakuna atakayemwonya, kwa sababu kilichobaki nacho ni Kiswahili sahihi.

Kwa nini kamusi ya maneno haitoshi

Mtu aweza kudhani kwamba dawa ni kuweka alama ya Kiswahili na mambo yakaisha. Ni dawa ya lazima, ila si kamili, na sababu yake imo katika muundo wa kitenzi.

Tuchukue mzizi *andik-*. Tukihesabu maumbo ya viambishi vya mtenda yanayotofautiana kwa herufi (*ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa, mu*), tunapata 15. Tuchukue viambishi vinne tu vya njeo na hali: *na, li, ta, me*. Viambishi vya mtendwa ni *ni, ku, m, tu, wa, u, i, li, ya, ki, vi, zi, pa*. Yaani 13, na tukihesabu pia uwezekano wa kutokuwapo kiambishi hicho, ni 14. Zao la 15, 4 na 14 ni 840. Si maumbo yote hayo yana maana inayotumika. Lakini bado hatujagusa ukanushi, urejeshi, hali ya masharti, wala kauli za *andikia, andikiwa, andikisha, andikika* na *andikiana*. Kila kauli huzidisha hesabu hiyo upya. Hayo yote ni kwa mzizi mmoja.

Ndiyo maana kisahihishaji kinachotegemea orodha ya maneno mazima hukwama haraka. Hunspell, injini ya ukaguzi inayotumiwa na LibreOffice na Firefox, hushughulikia tatizo hili kwa mafaili mawili: moja la mashina na jingine la kanuni za viambishi. Injini hiyo iliundwa na László Németh kwa ajili ya Kihangaria, lugha inayobeba viambishi vyake mwishoni mwa neno. Katika hali yake ya kawaida inaweza kuvua tabaka mbili za viambishi tamati na tabaka moja tu la viambishi awali. Kiswahili kimeelekea upande wa pili: katika *hawakutuandikia* kuna *ha-*, *wa-*, *ku-* na *tu-* kabla ya mzizi kufikiwa. Mtengenezaji wa kamusi hulazimika kuorodhesha mifuatano mizima ya viambishi awali kana kwamba kila mmoja ni kiambishi kimoja, na mfuatano aliousahau hugeuka kuwa "kosa" kwa kila mtumiaji.

Njia nyingine ni kuchanganua neno kimofolojia. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alichapisha nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, na katika chuo hicho hicho Arvi Hurskainen akajenga mfumo wa SALAMA kwa ajili ya uchanganuzi wa Kiswahili. Mfumo wa namna hiyo haulitafuti neno *hawakutuandikia* katika orodha. Hulivunja, na kuuliza kama kila sehemu inaruhusiwa kukaa pale ilipo.

Funzo kwa mwandishi wa kawaida ni hili: chini ya alama ya Kiswahili, mstari mwekundu chini ya kitenzi kirefu waweza kuwa upungufu wa kamusi, na chini ya nomino fupi ya kawaida una uzito zaidi. Tena, amri ya kuongeza neno kwenye kamusi binafsi itumiwe kwa uangalifu. Kuongeza *wanaandika* hakutaifundisha programu *tunaandika*. Lakini kuongeza *anaetaka* mahali pa *anayetaka*, au *ambae* mahali pa *ambaye*, kutaihalalisha tahajia hiyo katika kila waraka utakaofuata kwenye kompyuta ile.

Ritifaa, nukuu na vifupisho

Mpangilio wa lugha hugusa pia alama zisizo herufi, na hapa Kiswahili kina jambo lake mahsusi. Ritifaa katika *ng'* ni sehemu ya tahajia: *ng'oa* ni kuchomoa kitu kilichoshikilia, na *ngoa* ni wivu au tamaa. Programu nyingi hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili, ya kwanza ikiwa na msimbo U+0027 na ya pili U+2019. Neno *ng'ombe* lililonakiliwa kutoka kwenye waraka wenye ritifaa iliyopinda na kubandikwa katika kisanduku cha utafutaji cha hifadhidata inayotumia iliyonyooka huweza kurudi bila jibu. Aidha, programu isiyoambiwa kwamba ritifaa ni sehemu ya neno hulikata *ng'ombe* vipande viwili na kukikagua kila kipande peke yake.

Matini iliyowekewa alama ya Kifaransa katika Word hupata mabadiliko mengine: nukuu huchorwa kwa pembe (« ») na nafasi isiyokatika huingizwa kabla ya alama ya kuuliza, ya mshangao, nukta pacha na nukta mkato. Ndiyo sababu barua za Kiswahili kutoka Bukavu au Bujumbura mara nyingine huandikwa "Habari gani ?" Msomaji wa Dodoma huiona nafasi hiyo kuwa uzembe, ilhali mwandishi hakuiandika; imeingizwa na programu inayofuata desturi ya lugha iliyotajiwa.

Vifupisho navyo vina shida yake. Programu huweka herufi kubwa baada ya kila nukta, isipokuwa baada ya vifupisho ilivyoorodheshewa, na orodha hiyo hufuata lugha. Chini ya alama ya Kiingereza, vifupisho *k.m.*, *k.v.*, *n.k.*, *taz.* na *uk.* havijulikani, hivyo neno linalofuata huweza kupewa herufi kubwa katikati ya sentensi. Orodha ya Kiingereza katika Word pia hugeuza *i* inayosimama peke yake kuwa *I*, jambo linalomsumbua kila anayeandika kuhusu viambishi vya ngeli, na hugeuza (c) kuwa alama ya hakimiliki, kiasi kwamba orodha ya (a), (b), (c) huvurugika katika kipengele cha tatu.

Mwisho, ukataji wa maneno ukingoni hutegemea lugha. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na *nz* katika *mwanafunzi* ni mwanzo wa silabi: *mwa-na-fu-nzi*. Kanuni za lugha nyingine huweza kuitenganisha *n* na *z*, na kumpa msomaji mkato ambao ulimi wake haukubaliani nao.

Kiswahili kipi?

Alama ya lugha huandikwa kwa msimbo. Kiswahili ni *sw*; nchi huongezwa baada yake: *sw-TZ* kwa Tanzania, *sw-KE* kwa Kenya, *sw-UG* kwa Uganda, *sw-CD* kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Orodha ya kimataifa ya misimbo yenye herufi tatu huenda mbali zaidi na kutofautisha *swh*, Kiswahili cha pwani, na *swc*, Kiswahili cha Kongo, vyote viwili vikiwa chini ya *swa*.

Misimbo hii ina athari. Windows ilikitambua Kiswahili kwa msimbo *sw-KE*, na kamusi ya Hunspell inayosambazwa pamoja na LibreOffice ina jina la *sw_TZ*. Waraka uliowekewa alama ya nchi moja na kufunguliwa katika programu yenye kamusi ya nchi nyingine huweza kukosa kukaguliwa kabisa, ingawa tahajia sanifu ya nchi zote mbili ni ileile.

Hapo pana mtego ambao ni muhimu kuufahamu. Lugha ikiwa imetajwa lakini kamusi yake haijasakinishwa, programu haipigi mstari wowote. Ukurasa husafika ghafla, na mwandishi hufarijika. Kwa hakika ukurasa usio na wekundu waweza kuwa na maana tatu: maneno yote yamekaguliwa na kukubaliwa, kamusi haipo, au ukaguzi umezimwa. Njia ya kuzitenganisha ni rahisi. Andika kusudi neno lisilokuwapo, kwa mfano *kitabbu*. Lisipopigiwa mstari, hakuna aliyekagua.

Utata kuhusu mamlaka ya tahajia si mpya. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuipitia miswada ya vitabu vya shule kabla ya kuchapishwa. Baadaye Tanzania iliunda BAKITA mwaka 1967, na kamusi zikafuata: *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ya TUKI mwaka 1981, na *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA mwaka 2015. Vyombo hivyo vilikosolewa na vinaendelea kukosolewa, lakini vina anwani. Aliyepinga uamuzi wao alijua pa kupeleka hoja. Kamusi iliyofichwa ndani ya programu haina mlango wa kubisha. Ndiyo sababu mwandishi anapaswa kujua ni ipi, na akipata mgongano kati yake na kamusi iliyochapishwa, aifuate iliyochapishwa.

Matini zisizopaswa kusahihishwa

Ziko matini ambazo hata kisahihishaji bora cha Kiswahili sanifu huziharibu. Mtafiti anayenukuu usemi wa mzee wa Makunduchi au Micheweni anahitaji kila sauti ibaki kama ilivyosikika. Maumbo kama *mwengine*, *nyengine* na *hichi*, yanayosikika Unguja na Pemba, ni ushahidi wa lahaja. Yakigeuzwa kuwa *mwingine*, *nyingine* na *hiki*, tasnifu itathibitisha kwamba lahaja hiyo haitofautiani na Kiswahili sanifu, na ushahidi wa kinyume chake utakuwa umefutwa na mashine.

Ushairi wa zamani uko katika hali hiyo hiyo. Mshairi hufupisha na kurefusha kwa ajili ya mizani, na hutumia maumbo ya Kiamu au Kimvita ambayo kamusi sanifu haiyajui. Nyaraka za kihistoria, majina ya watu na ya mahali, na mifano ya makosa katika vitabu vya kufundishia yote huhitaji kinga.

Kinga hiyo ipo. Word huruhusu kipande cha matini kuwekewa agizo kwamba kisikaguliwe. LibreOffice huruhusu kipande kutajwa kuwa hakina lugha. Aliyetengeneza mtindo maalumu wa aya kwa ajili ya data, na kuupa agizo hilo mara moja, huwa ameilinda mifano yake yote. Hata hivyo azime pia usahihishaji otomatiki wakati wa kunakili data, kwa sababu si kila badiliko la otomatiki hutegemea ukaguzi.

Utaratibu unaopendekezwa

1. Kabla ya kuandika, tazama jina la lugha kwenye ukanda wa chini wa dirisha. Likiwa si Kiswahili, libadilishe kabla ya neno la kwanza.

2. Iwekee lugha hiyo mitindo ya aya, usitegemee kuteua matini yote kwa Ctrl na A. Uteuzi huo hauchukui tanbihi, vichwa vya kurasa wala visanduku vya matini, na humo ndimo masahihisho mabaya hujificha.

3. Sakinisha kamusi ya ukaguzi ya Kiswahili, kisha fanya jaribio la neno *kitabbu* lililoelezwa hapo juu.

4. Ongeza kibodi ya Kiswahili katika Windows na ubadilishe kwa kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi. Anayeandika lugha mbili katika waraka mmoja hatapata njia nyepesi zaidi.

5. Usiachie programu kazi ya kugundua lugha. Ugunduzi huhitaji matini ya kutosha, na huchagua kati ya lugha zilizowashwa tu. Neno moja la Kiswahili ndani ya sentensi ya Kiingereza halitatambuliwa.

6. Fungua orodha ya usahihishaji otomatiki ya Kiswahili na uijaze mwenyewe. Word na LibreOffice huweka orodha tofauti kwa kila lugha. Ingiza yale unayoyakosea kweli, kwa mfano *kwasababu* liwe *kwa sababu*. Usiingize mfuatano wowote ambao waweza kuwa neno halali mahali pengine.

7. Ongeza *k.m.*, *k.v.*, *n.k.*, *taz.*, *uk.*, *Bw.* na *Bi.* katika orodha ya vifupisho visivyofuatwa na herufi kubwa.

8. Matini iliyobandikwa kutoka kwingine huja na alama yake ya lugha. Ibandike bila umbizo, au iwekee alama upya.

Faida ya utaratibu huu haiishii kwa mwandishi. Programu inayowasomea kwa sauti watu wasioona huchagua sauti kwa kufuata alama ya lugha. Waraka wa Kiswahili wenye alama ya Kiingereza husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji aliyetumiwa barua ya shule au tangazo la hospitali huambulia kelele.

Mipaka ya mashine

Hata yote hayo yakitimizwa, ukaguzi wa tahajia hauoni upatanisho wa kisarufi. "Kitabu hii" ni maneno mawili sahihi yaliyokosewa pamoja. Wala hauoni kosa linalozaa neno jingine la Kiswahili: *mahari* palipotakiwa *mahali*, *kula* palipotakiwa *kura*, *gari* palipotakiwa *ghali*. Makosa ya *l* na *r*, *dh* na *z*, *gh* na *g* yanatokana na usemi, na mara nyingi huangukia kwenye neno lililomo kamusini. Tangazo linalowaita wananchi "kupiga kula" litapita katika kila kisahihishaji cha aina hii likiwa safi.

Kwa hiyo mpangilio sahihi wa lugha usihesabiwe kuwa mwisho wa uhariri. Kazi yake ni kuondoa makosa ambayo mashine yenyewe ingeyaingiza, na kuyaanika yale mepesi, ili macho ya mhariri yabakie na nguvu kwa yale ambayo mashine haiwezi kuyaona. Baada ya hapo, matini isomwe na mtu, tena ikiwezekana kwa sauti.